Mvuke wa Leleshwa

Baragoi,
2 Juni 2025

Wifi Mercyline,

Barua hii inakuja na Micah, dereva wa mradi wetu, ambaye huteremka Nakuru kuchukua mahitaji na kupanda tena. Usishangae kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Huku mtandao unashika juu ya jiwe moja tu nyuma ya kambi, na ukisimama pale kuongea, wapishi, askari wa zamu na mbuzi wote wanakusikiliza. Mambo ya Baba siwezi kuyasema mbele ya wapishi.

Mumeo Njuguna alinitumia ujumbe wa maneno manne: "Mzee ako sawa sikuhizi." Sawa vipi? Baridi imeanza, na Baba hajawahi kuwa sawa wakati wa baridi. Nimeishi na kile kifua tangu nikiwa kidato cha pili, Mama alipofariki. Baba alisaga unga wa watu pale Lanet mpaka vumbi la unga likamwingia mapafuni likakaa. Mimi nimesomea udongo, na udongo naujua, lakini kile kifua nakijua zaidi. Najua mluzi wake wa asubuhi na mluzi wake wa mvua. Nikiwa chumba cha pili nilikuwa najua kama ameegemea mto mmoja au miwili.

Kwa hiyo nakuandikia namna ya kumtunza, kwa sababu kaka yangu hawezi kukumbuka. Unachemsha maji, unatia majani ya leleshwa katika karai, unamfunika Baba blanketi zito kichwani, anavuta mvuke. Wewe unakaa nyuma yake ukimsugua mgongo kwenda juu, si kwenda chini. Akitoka hapo atataka kutoka nje kidogo. Zamani alikuwa akisema anakwenda kuangalia mashine ya kusaga. Mwache aende. Akirudi utaona kifua kimefunguka. Kila mara ilikuwa hivyo. Majirani wa Lanet walikuwa wakisema, "Huyu msichana ana mkono."

Nimetuma gunia la leleshwa. Niliichuma mwenyewe njiani kutoka Maralal, Micah akilalamika kwamba gari linanuka kama duka la dawa.

Niandikie ni nani anayemsugua mgongo.

Nyakio


Kiamunyi,
9 Juni 2025

Wifi yangu Nyakio,

Micah alifika salama, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Mzee alimtazama akauliza, "Na huyu naye, mashine yake ya kusaga iko wapi?" Tulicheka mpaka tukasahau kumkaribisha chai.

Umeuliza sawa vipi. Nitakueleza. Jiko la makaa nimelitoa nje kabisa, linakaa nyuma karibu na tangi. Lile blanketi la sufu nimelifungia sandukuni, analala na la pamba. Saa sita jua likiwaka nafungua madirisha, jioni kabla ukungu haujashuka kutoka Menengai nafunga. Pampu ya dawa, ile ya kahawia, anavuta kila asubuhi hata akijisikia vizuri, halafu anasukutua kinywa. Ya bluu iko mfukoni mwa koti lake, ni ya kubanwa tu. Na maji ya moto yenye asali anakunywa, ingawa anasema asali ya dukani ni sukari iliyoenda shule.

Aliyepata taabu ni kaka yako. Unajua anavyorudi kutoka Kikopey, siku nzima amesimama juu ya nyama choma, anafuka moshi kama bomba la nyumba. Siku hizi anaoga na kubadilisha nguo kule bafu la nje kabla hajaingia. Akijisahau, Mzee anapaza sauti toka kitini: "Njuguna! Simama hapo hapo. Salamu zako nimezipata."

Kuhusu mgongo, hapana anayemsugua. Akibanwa, anavuta pampu, anaketi kando ya kitanda na kuinamia kile kimeza chake, viwiko juu ya meza. Mimi naketi kwenye kigoda mlangoni, tunapumua. Ninatangulia, ananifuata. Tunavuta kwa pua, tunatoa polepole na midomo imekunjwa kama mtu anayepoza uji. Muuguzi wa kliniki ya kifua alituonyesha. Mzee anasema napumua kama ng'ombe aliyeshiba, ndiyo maana ni rahisi kunifuata.

Leleshwa imefika. Aliipokea kwa mikono miwili, akainusa.

Wanafunzi wangu wa Biashara wana mtihani, ngoja nisahihishe karatasi.

Mercyline


Baragoi,
16 Juni 2025

Mercyline,

Umejaza ukurasa mzima kwa habari za jiko, blanketi na bafu, na hukusema kama Baba amefukizwa.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Kuna mahali nakwama kila mara. Mlangoni. Baba yangu anatafuta hewa, na wewe umeketi mlangoni kama mgeni anayengoja chai! Hata mtu usiyemjua akibanwa barabarani utamshika bega. Niambie ukweli, wifi. Unamwonea kinyaa? Ni kikohozi chake, au ni lile kopo la kutemea? Mimi nililiosha lile kopo nikiwa na sare ya shule, na sikuwahi kukunja uso.

Halafu unasema "tunapumua," kana kwamba mna pafu moja. Hujaishi naye miaka mitatu. Umejifunza lini kutangulia?

Ninajua unavyoweza kuisoma barua hii. Unaweza kusema Nyakio amekaa sana na mawe. Labda. Lakini nikikaa hapa jioni na sampuli zangu za udongo, ninakiona chumba kile, na kwenye kile chumba kuna nafasi moja nyuma ya mgongo wa Baba ambayo ni yangu. Nikiwa mbali iko wazi. Ningependa ijazwe kama inavyopaswa, au ibaki wazi. Sikutaka mtu aniwekee kigoda mlangoni.

Mfukize. Uniandikie kwamba umemfukiza.

Nyakio


Kiamunyi,
21 Juni 2025

Nyakio,

Si kinyaa.

Mimi ni mke wa mwanawe. Kwetu Kimilili mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe. Hampi mkono, hakai kwenye kiti chake, hamgusi. Siku ya harusi yetu Baba alininyooshea mkono na mimi nikapiga magoti mbali naye. Wewe na shangazi zako mlicheka. Mmoja akasema, "Huyu Mluhya anadhani mzee ana umeme." Nilisikia. Mama yangu pia alisikia.

Kwenu mambo haya si kitu, najua, na Njuguna ameniambia mara nyingi niache. Lakini heshima niliyofundishwa siwezi kuivua mlangoni pamoja na viatu. Mara ya kwanza Baba alipobanwa nikiwa naye peke yangu nilisimama pale kizingitini nikilia, mguu mmoja ukitaka kuingia na mwingine ukikataa. Yeye ndiye aliyeinua kiganja kunizuia. Hakuwa na pumzi ya kusema. Basi nikaketi chini pale pale nikaanza kupumua kwa nguvu ili anione, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Mkono ukikatazwa, mtu hutafuta njia nyingine.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutangulia.

Kuhusu mvuke: Baba amesema nikuandikie kwamba anafukizwa na mvuke unamsaidia. Nimeandika. Amekuandikia na yeye, karatasi yake iko ndani ya hii.

Mercyline


Kiamunyi,
siku hiyo hiyo

Mama,

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, usimwandikie mke wa Njuguna maneno makali. Anayasoma akiwa amesimama jikoni, na chapati zinaungua.

Leleshwa yako ni nzuri. Inanifungua kifua vizuri sana, kama zamani. Harufu yake inanikumbusha tulivyokuwa tukipanda mlimani siku za Jumapili, wewe na kisu chako cha jikoni, ukinikataza kubeba gunia. Usiwe na wasiwasi nami. Fanya kazi. Nawaambia wazee wenzangu kanisani kwamba binti yangu anaongea na udongo na udongo unamjibu kwa barua kutoka serikalini.

Huyu mtoto wa Kimilili anapumua vizuri. Nikimtazama naona kama hewa ipo ya kutosha watu wote.

Kula vizuri.

Baba yako,
Kang'ethe


Baragoi,
30 Juni 2025

Mercyline,

Nimekuelewa kuhusu desturi, na kuhusu kicheko cha siku ya harusi naomba radhi. Nilicheka. Sikujua kwamba mama yako alisikia.

Lakini sasa uelewe na mimi. Baba ameandika kwa mkono wake kwamba leleshwa yangu inamfungua kifua kama zamani. Barua hiyo nimeiweka chini ya mto. Ukisoma hivyo utaona wazi kwamba kinachomsaidia kinajulikana, na kilijulikana kabla hujaijua njia ya Kiamunyi. Basi afukizwe asubuhi na jioni, wakati wote wa baridi. Kama huwezi kuingia, Njuguna aingie amshikie karai. Ana mikono, asiitumie kwa mbuzi peke yake.

Jambo la pili. Mwezi wa nane nina likizo. Nitakuja kumchukua. Nimepata nyumba Maralal, vyumba viwili, hewa kavu. Nitakuwa nikishuka kila mwisho wa wiki, na siku za kazi kuna mama jirani wa kumpikia. Usijaribu kunishawishi. Ni baba yangu.

Nakuambia na hili, kwa sababu nikiliacha litanichoma. Ile sentensi ya hewa ya kutosha watu wote, niliisoma nikatoka nje ya hema. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoanza kumfukiza, na sikumbuki hata mara moja aliponitazama mimi kisha akasema hewa ipo. Alikuwa akisema, "Asante, Mama," halafu anatoka kwenda kwenye mashine. Nimekuwa nikitafuta kumbukumbu nyingine. Nimepekua miaka yote.

Asubuhi na jioni.

Nyakio


Kiamunyi,
7 Julai 2025

Nyakio,

Kwanza: Baba yuko nyumbani, anakula, anabishana na redio. Soma ukiwa umejua hivyo.

Barua yako ilisomwa mezani. Njuguna akasema, "Sasa itabidi, ama atakuja na polisi." Jumatano asubuhi alimwekea Baba karai, akamfunika blanketi. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Nilimsikia akikohoa mle ndani, halafu nikasikia mluzi ule mwembamba, halafu sikusikia chochote. Nilipiga kelele Njuguna afunue. Midomo ya Baba ilikuwa na rangi ya zambarau. Pampu ya bluu haikufua dafu. Hakuweza kumaliza hata neno moja, na tulikuwa tumeambiwa kliniki kwamba akishindwa kumaliza sentensi tusingoje. Njuguna alimbeba hadi kwa gari la jirani.

Hospitalini walimwekea oksijeni na dawa ya kuvuta kwa mashine. Alipotulia daktari akatuuliza alikuwa akifanya nini. Njuguna akamwambia. Daktari akatikisa kichwa, akasema kwa wengine mvuke hauna neno, lakini kwa kifua kama hiki, mvuke mkali wa majani unaweza kubana njia za hewa badala ya kuzifungua. Akamgeukia Baba: "Mzee, hii ndiyo mara ya kwanza kukubana hivi?"

Baba akanitazama mimi. Akasema, "Huyu asimwandikie Nyakio."

Nimekataa, Nyakio. Nilimtii mara moja, na tazama kilichotokea. Gunia lako lilipofika alijifukiza mara moja kwa heshima yako, akakohoa hadi saa za chakula, akaniomba nikuambie kwamba inamsaidia. Nilikuandikia alivyotaka. Sitaandika tena hivyo.

Baba amekiri kwamba mvuke ulikuwa ukimbana tangu siku ya kwanza kule Lanet. Pampu alikuwa nayo tayari, aliificha kwenye chumba cha mashine, nyuma ya magunia. Akitoka chini ya blanketi lako alikuwa akienda kule, anavuta dawa, anangoja, halafu anarudi kwako kifua kimefunguka. Nilimuuliza kwa nini. Njuguna naye akamuuliza, akiwa amekasirika karibu alie. Alisema, "Mtoto alikuwa amefiwa na mama. Alihitaji kitu cha kufanya kwa mikono yake."

Nimekaa na maneno hayo siku hizi zote, na sasa nitakuambia langu, ingawa hukuniuliza. Unanionea wivu kwa kigoda. Mimi baba yangu aliondoka nikiwa darasa la pili, akaoa Eldoret, tukikutana sokoni ananiita kwa jina la dada yangu. Kisha nakuja katika nyumba hii nakuta mzee aliyeingia chini ya blanketi miaka na miaka, akijua litambana, kwa ajili ya msichana mmoja. Kumpunguzia mtu kikohozi ni kazi inayofundishika, hata wewe utafundishwa kwa dakika chache. Lakini mimi hakuna mtu duniani aliyewahi kukubali kukosa pumzi kwa ajili yangu. Nikiwa pale mlangoni namtangulia, wakati mwingine nafikiria hivyo, na nakuchukia kidogo. Halafu naendelea kupumua, kwa sababu ananifuata.

Njoo mwezi wa nane. Gunia Njuguna amelitupa.

Mercyline


Baragoi,
18 Agosti 2025

Wifi,

Sikukuaga vizuri. Micah alikuwa akipiga honi na mimi nilishukuru kwamba anapiga honi.

Siku zile zote nilizokaa Kiamunyi nilikuwa mkali, na wewe ulinivumilia. Uliponionyesha namna ya kusafisha kile kichupa cha kuvutia dawa nilikuambia najua kusoma maandishi. Baba aliponiuliza mbona silali, nilimwambia ni mbwa wa jirani. Hatukuongea habari ya Lanet, yeye na mimi. Kila nilipofungua mdomo alianza kunieleza bei ya viazi.

Nataka kuandika habari ya Jumamosi, kwa kuwa wewe uliiona kutoka upande wako tu.

Lori lilipomwaga kokoto kwenye ule ujenzi wa jirani, vumbi lote lilikuja kwetu, na madirisha yalikuwa wazi. Mimi nilikuwa chumbani kwa Baba nikikunja nguo zake. Nilikuwa nimeshatoa begi lake la safari chini ya kitanda. Akaanza kukohoa, halafu ule mluzi. Nilimpa pampu ya bluu kupitia kile kichupa, kama ulivyonifundisha. Nikamketisha, viwiko juu ya meza. Nikasimama mbele yake nikaanza kupumua.

Nilifanya kila kitu sawasawa. Nilivuta kwa pua, nikatoa polepole. Lakini nilikuwa na hofu, na pumzi yangu ilikuwa fupi, na nikaona anajaribu kunifuata na kuipata hofu yangu badala ya hewa. Akanishika mkono. Nikafikiri, sasa. Nikafikiri ananiomba nikae nyuma yake, mahali pangu, nimsugue mgongo.

Alikuwa ananisukuma. Si kwa nguvu, hakuwa na nguvu. Alikuwa akinisukuma kando kidogo, huku akiinua shingo kuchungulia nyuma yangu, na nilipogeuka nikakuona umeketi kwenye kigoda mlangoni, unga wa chapati mikononi, unapumua. Nilikuwa nimesimama kati yenu. Alikuwa hakuoni kwa sababu yangu.

Ni chumba kidogo kile, Mercyline. Hatua moja tu ingetosha, lakini nilisimama. Nisingekuambia haya kama usingeniambia yako. Nilisimama muda ambao mtu angeweza kuvuta pumzi na kuitoa, na Baba hakuivuta, na mimi nilijua kwa nini, na bado nilisimama.

Kisha nikasogea mpaka ukutani, karibu na kabati.

Sikuwahi kumwona akipumua hivyo. Kule Lanet nilikuwa nikimwona akienda na nikimwona akirudi. Jumamosi nilisimama na soksi zake mkononi nikatazama yote, mabega yakishuka, rangi ikirudi, macho yako wewe na macho yake. Alipoweza kusema alisema, "Mama, hizo soksi si za jozi moja." Wewe ukacheka. Mimi nikatoka nje nikakaa karibu na tangi hadi Njuguna aliporudi na kuniuliza kama nimefukuzwa.

Begi nimelirudisha chini ya kitanda. Nyumba ya Maralal nimeiachia mwalimu mmoja. Baba atabaki kwako. Nimeandika sentensi hiyo mara moja, usinitake niirudie, na usinitake niifurahie.

Nyakio